Si Kila Sampuli ni Udongo

Katika ofisi nyingi neno "udongo" limekuwa kama gunia: kila kinachochotwa ardhini hutiwa humo. Tope lililokaukia ukingoni mwa Mto Ngerengere huandikwa udongo, mchanga wa kijito cha Mgeta huandikwa udongo, na ardhi nyekundu ya shamba la mahindi katika mteremko wa Uluguru nayo huandikwa udongo. Kwa mazungumzo ya barazani hapana ubaya. Lakini neno hilo linapobandikwa juu ya mfuko unaopelekwa maabara kupimwa madini au sumu, kosa limekwisha kutendeka, na mashine ya maabara haiwezi kulirekebisha.

Tofauti yenyewe si ngumu. Udongo wa shambani kwa kawaida hutokana na mwamba uliooza polepole papo hapo, na hutoa habari za mahali pale ulipochimbwa. Mashapo, yaani mchanga na tope linalotuama katika mkondo wa maji, ni wasafiri. Maji yameyakusanya kutoka bonde lote lililo juu yake, hivyo konzi moja tu huweza kueleza hali ya eneo kubwa la mlima. Ndiyo maana watafutaji wa madini huanza vijitoni, wakachekecha chembe laini, kisha wakaufuata mkondo kuelekea juu. Mtu akizichanganya sampuli hizo mbili katika ramani moja atawatuma wenzake kuchimba mahali pasipo na kitu. Au, na hili ni baya zaidi, atakitangaza kijiji kuwa na sumu iliyotoka kijiji kingine.

Uluguru, hata hivyo, haipokei kanuni nyepesi. Mwezi Februari 1970 mvua kubwa ya saa chache iliangusha maporomoko zaidi ya 1,000 katika eneo la Mgeta, na ardhi ya juu ikawa ya chini. Anayechota sampuli mahali pa namna hiyo hana budi kuandika kwamba pameporomoka, la sivyo atakayesoma atadhani tabaka zote ziko mahali pake pa asili. Vilevile mashamba ya mboga ya Mgeta yapo karibu sana na maji. Mkulima akinyunyizia mrututu kuzuia ukungu, shaba iliyomo huweza kushuka mtoni. Mpimaji asiyetaja shamba hilo katika daftari lake ataona shaba kwenye matokeo na kushangilia mgodi ambao haupo.

Elimu ya kutofautisha ardhi si ngeni hapa. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mkemia wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, alieleza kwamba udongo wa kileleni, wa ubavuni na wa bondeni huandamana kama pete za mnyororo. Mfuatano huo aliuita katena, na wataalamu wa udongo duniani wanalitumia neno hilo hadi leo. Utawala uliomwajiri haukujifunza vya kutosha. Katika miaka ya 1950 Waluguru walilazimishwa kuchimba matuta milimani kwa amri moja, na mahali pengi udongo wa chini usio na rutuba ukafukuliwa na kuwekwa juu. Mwaka 1955 wananchi walikataa waziwazi. Wakulima waliijua ardhi yao. Waliokuwa na karatasi hawakuwauliza.

Leo jambo lenyewe linagusa kikombe cha maji. Mji wa Morogoro hutegemea Bwawa la Mindu katika Mto Ngerengere, na Dar es Salaam hutegemea Mto Ruvu, ambao chanzo chake ni milima hiyohiyo. Iwapo tope la bwawani litapimwa mwaka huu, kisha lipimwe tena baada ya miaka 20, ulinganisho utakuwa na maana ikiwa tu daftari la kwanza linataja mahali, tarehe, kina, rangi na ukubwa wa chembe, na kama palikuwa na barabara au machimbo karibu. Ofisa anayepokea fomu yenye nafasi tupu airudishe kwa aliyeileta, hata kama aliyeileta ni mkubwa wake.

Walimu nao wana nafasi. Mwanafunzi wa shule iliyo chini ya mlima anaweza kulowesha udongo, akauviringisha baina ya vidole, akaona kama unafanya uzi au unamomonyoka, na hivyo kutenganisha mfinyanzi na kichanga bila chombo chochote. Aandike alichokiona na kukigusa, si alichokisia.

Lebo ziwe mbili, moja nje na moja ndani ya mfuko, zikiwa na namba ileile iliyomo katika daftari. Ziandikwe kwa kalamu ya risasi, kwa kuwa wino huyeyuka tope likiwa bichi.