KISU KIKIVUNJIKA, NANI ALIPE?



Katika karakana moja, ambayo jina lake tunaliacha kwa sababu shauri lingali mezani, kijana anayejifunza kukereza chuma alipewa mashini ndogo, ile ya kuwekwa juu ya meza, pamoja na sanduku la visu 11 vilivyopakwa rangi nzuri. Hakuonyeshwa cho chote. Nyapara alimwambia, "Visu vyote ndivyo hivyo, anza kazi." Kwa siku mbili ncha tatu zikavunjika. Mwisho wa mwezi bei ya visu vitatu ikakatwa katika mshahara wake, na mshahara wenyewe ni wa mwanagenzi.

Sisi twasema kijana yule hakuvunja kisu. Aliyekivunja ni yule aliyenunua sanduku lile akalileta bila kuuliza fundi hata mmoja.

Tueleze, maana huenda tajiri naye anasoma. Visu vile ni vya kabaidi, kipande kidogo kilichochomelewa juu ya kishikio cha chuma. Kabaidi ni ngumu kweli, lakini haivumilii kutikiswa. Ikitikiswa humeguka kama sukari guru. Ni kitu cha mashini nzito iliyofungwa chini kwa simiti, yenye nguvu ya kuzungusha kazi kwa kasi. Chuma laini cha kipenyo cha 25 mm, ukitaka kabaidi ikate kwa mwendo wake wa mita 100 kwa dakika, lazima kizunguke mara 1,270 hivi kila dakika. Mashini ndogo yaweza kuzunguka hivyo ikiwa haina kazi mdomoni. Mpe kisu kiume, mota yake ya wati 400 au 500 inalia, meza inatetemeka, kazi inasimama ghafula, na ncha imekwenda. Tena visu vya masanduku hayo mara nyingi huja butu, na jiwe la kawaida la kunolea haliviwezi. Vyataka jiwe la kijani ambalo karakana ile haina.

Kinachofaa mashini ndogo na mkono mchanga ni haispidi, ile fimbo ya mraba ambayo kila mkereza wa zamani anaijua. Fimbo ya 8 mm yatosha. Ikinolewa sawasawa hukata kama wembe, haihitaji nguvu nyingi, na mwendo wake ni mita 25 tu kwa dakika, yaani kwa chuma kile kile mizunguko 320 hivi. Ncha ikivunjika, dakika tano kwenye jiwe na kazi inaendelea. Fimbo moja hunolewa na kunolewa mpaka inabaki kipande cha kidole.

Hapo tajiri hutujibu: "Nimemwajiri akereze, sikumwajiri anoe. Kunoa ni kupoteza wakati." Bwana, kisu kisichonolewa hakikati, kinasugua. Kijana asiyejua kunoa hajui kukereza, anajua kuzungusha mikono ya mashini tu, na wewe wajua hivyo, ndiyo maana wamlipa kidogo! Akijifunza kunoa atakuwa fundi, na fundi atadai mshahara wa fundi. Labda hiyo ndiyo hesabu inayokukera kuliko bei ya visu.

Kwa hiyo madai yetu kwa karakana yenye mashini ndogo ni haya. Kabla ya sanduku lo lote, inunuliwe mashini ya kunolea yenye mawe ya 150 mm, fimbo tano au sita za haispidi, kopo la maji la kupozea, na miwani ya macho kwa kila anayesimama pale, si miwani moja iliyofungwa kabatini kwa nyapara. Na saa za kujifunza kunoa zihesabiwe kuwa saa za kazi. Mgongo wa kisu chini ya makali uinamishwe nyuzi 8 hadi 10 usije ukasugua kazi. Uso wa juu uinamishwe kama nyuzi 12 hadi 15 kwa chuma laini ili maranda yateleze. Kwa brasi uso wa juu uachwe bapa, la sivyo kisu kitajichimbia chenyewe. Mambo haya hayafundishwi kwa kelele.

Na kisu kizuri kikifungwa vibaya ni bure. Ncha lazima iwe sawa na kitovu cha kazi. Njia ya kupima haina gharama: bana rula nyembamba ya chuma kwa upole kati ya ncha na kazi ya duara, mashini ikiwa imezimwa. Rula ikisimama wima, kisu kiko sawa. Kichwa cha rula kikikuinamia wewe, kisu kiko chini. Kikiinamia upande wa kazi, kisu kiko juu. Cha chini kiinulie kwa vipande vya bati. Kipande cha msumeno wa chuma uliochakaa ni kama 0.6 mm, na cha kopo la soda ni kama 0.1 mm. Kisha kisu kisitokeze nje kama ulimi wa mbwa. Kifupi iwezekanavyo. Kijana wetu kisu chake kilikuwa kimetokeza vidole vitatu, na hapana mtu aliyepita akamwambia.

Hapo ndipo lawama inatugeukia sisi wenyewe. Wako wakereza wazee katika chama hiki wanaogeuza mgongo wakati wa kunoa, kijana asione. Wanaogopa kwamba akijua atachukua nafasi yao kwa nusu ya mshahara. Hofu hiyo twaielewa, lakini dawa yake ni mshahara mmoja kwa kazi moja. Kuficha jiwe kunamsaidia tajiri peke yake.

Juu ya kukatwa mshahara, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la kusudi la mfanya kazi. La kusudi! Kijana aliyepewa kisu kisichofaa mashini, asionyeshwe namna ya kukifunga, amekusudia nini? Tena mwajiri hulipa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanya kazi kwa ajili ya mafunzo ya viwanda, na akifundisha kwa utaratibu wa NITA aweza kudai kurudishiwa gharama. Asituambie basi kwamba hakuna fungu la kufundishia.

Kila mwenye hati ya mshahara iliyokatwa kwa ajili ya kisu, kitobo au tupa ailete kwa mjumbe wa karakana yake kabla ya mkutano ujao wa kamati. Na kile kisu kilichovunjika asikitupe, akilete pia.