DENI SI JINAI, UNYONYAJI NDIO JINAI

Kila mwisho wa mwezi, mbele ya benki za Bujumbura huonekana watu ambao hawakuja kuchukua mishahara yao wenyewe. Mikononi wameshika kadi za wengine, na namba za siri wamezihifadhi kichwani. Wenye kadi hizo ni watumishi wa Serikali: walimu, wauguzi na, tuseme kweli bila kificho, askari wa jeshi na wa polisi. Biashara hiyo mjini huitwa Banque Lambert, jina lililotwaliwa kwa benki moja ya zamani ya Ubelgiji. Lakini hiyo si benki. Haina leseni wala huruma.

Tuchukue mfano wa koplo mwenye mtoto mgonjwa. Amekopa faranga 200,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Kila mwezi hutoa faranga 40,000, nazo ni riba tupu. Baada ya miezi 5 amekwisha kutoa faranga 200,000, kiasi kile kile alichopokea, na bado anadaiwa 200,000 kamili kama siku ya kwanza. Tena siku ile ya shida alitia sahihi hati isemayo kwamba alipokea faranga 400,000, akaacha na hundi isiyoandikwa kiasi. Wahenga hawakukosea waliposema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Mtego wenyewe umo katika hundi ile. Kushindwa kulipa deni ni jambo la madai, la kupelekwa mbele ya hakimu. Kutoa hundi isiyo na fedha ni kosa la jinai. Mnyonyaji anaijua tofauti hiyo vizuri. Haitaki hundi ili alipwe. Anaitaka ili siku ya ugomvi mdeni wake ageuke mhalifu.

Kwa hiyo hatuna budi kuzijua haki zetu. Kwanza, sheria ya mikataba, ambayo asili yake ni amri ya tarehe 30 Julai 1888, inasema kuwa mapatano halali ni sheria kwa waliopatana. Lakini sheria hiyo hiyo inakataa ridhaa iliyopatikana kwa nguvu au kwa hila. Hati yenye kiasi cha uwongo yaweza kupingwa mahakamani, mradi mdeni awe na ushahidi. Basi kila malipo yawe na stakabadhi, na kila mkataba uwe na nakala mkononi mwa aliyekopa.

Pili, Benki Kuu ya Jamhuri ya Burundi ilitoa mwaka 2019 kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha. Anayekopa katika benki au chama cha akiba na mikopo ana haki ya kuelezwa waziwazi riba, ada na masharti yote kabla ya kutia sahihi. Akidhulumiwa, apeleke malalamiko kwanza kwa chombo kilichomkopesha. Asiporidhika, aende Benki Kuu. Haki hiyo hawezi kuipata kwa mkopeshaji wa uchochoroni.

Tatu, riba ya kunyonya ni kosa katika sheria ya jinai. Anayeogopa kushtaki kwa sababu anadaiwa na akumbuke kuwa si yeye mwenye hatia.

Sasa tuseme na ndugu zetu wa polisi. Mara nyingine mnyonyaji huja kituoni na hati yake, akaomba mdeni awekwe ndani "usiku mmoja tu, ajue adabu". Burundi ilijiunga mwaka 1990 na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa, ambao kifungu chake cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Askari anayekubali ombi hilo amejifanya mkusanyaji wa madeni ya mtu binafsi. Amelivua gwanda la taifa, hata kama bado analo mwilini. Jibu lililo sahihi ni moja: nenda mahakamani. Na hati ikionyesha riba ya kunyonya, uchunguzi umwangukie aliyeileta.

Hatusemi madeni yasilipwe. Dawa ya deni ni kulipa, na askari asiyetimiza ahadi huipaka matope sare yake. Lakini tusikope juu ya fedha ambazo hazijafika. Mwaka 2016, posho za wenzetu waliokuwa Somalia zilipochelewa kwa miezi mingi, aliyekuwa amekwisha kuzitumia kabla ya kuzipata ndiye aliyeumia zaidi.

Wakuu wa vikosi nao wana wajibu. Askari anayelinda silaha usiku huku akiwaza riba ya kesho hayuko macho kamili. Mlango wa kamanda uwe wazi kwa mwenye shida kabla hajaufikia mlango wa mnyonyaji, na akiba ndogo ya kila mwezi iwe desturi ya kila kambi.

Askari hakabidhi bunduki yake kwa mtu asiyemjua. Na asiikabidhi kadi yake ya mshahara, kwani ndani yake mna chakula cha watoto wake.