DAMU IKISHATOKA MKONONI, MWENYEWE NI NANI?

Ndugu msomaji, ukimkopesha jirani jembe akalime mahindi, ukasikia amechimbia msingi wa nyumba, utanyamaza? Hutanyamaza! Basi iweje tunyamazie damu?

Sikiliza yaliyowapata Wahavasupai, wenyeji asilia wa bonde la Grand Canyon, Marekani. Kisukari kiliwaandama. Mwaka 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona wakaanza kuwatoa damu. Wananchi walielewa kuwa ni kwa ajili ya kisukari tu, wakatoa kwa moyo mweupe.

Mwaka 2003 siri ikafichuka. Damu ile ile iliyowekwa akiba ilikuwa imetumika kuchunguza wendawazimu, ndugu kuzaliana, na asili ya kabila, kinyume cha imani ya wazee wao!

Wakubwa walijitetea kwa karatasi zilizosainiwa: eti ziliandikwa magonjwa ya tabia na ya mwili kwa jumla. Huo ndio ujanja wa wasomi dhidi ya wanyonge. Wahavasupai wakaenda mahakamani, na mwaka 2010 wakalipwa dola 700,000, watu 41, na damu yao ikarudishwa.

Nawe kesho utaombwa damu. Usikatae ovyo, maana dawa haziji bila utafiti. Lakini kabla ya kukunja shati, uliza: ni ya kazi gani? Itawekwa wapi, mpaka lini? Ikitakiwa kwa jambo jingine, nitaulizwa tena?

Asiyekujibu, teremsha mkono wa shati, uondoke.