Lori la msaada kwenye barabara yenye serikali mbili

Tangu wapiganaji wa M23 walipoutwaa mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, kila anayeingiza mzigo Kivu anajibu swali moja: karatasi zako zina muhuri wa nani? Kwa mfanyabiashara, jibu baya linamaanisha hasara. Akilipa ushuru upande mmja na kudaiwa tena upande wa pili, faida imeliwa njiani. Kwa shirika la misaada ya kibinadamu, jibu baya lina gharama nyingine. Linaweza kupoteza kile ambacho hakuna duka linalokiuza, yaani imani ya kila upande kwamba halimsaidii adui.

Imani hiyo ndiyo inayoitwa kutoegemea upande. Mara nyingi inazungumzwa kama tabia njema ya watu wa kutoka Geneva au New York. Mashariki mwa Kongo inaonekana kwa sura nyingine. Ni kazi ya kila siku inayofanyika kizuizini, ghalani, benki na sokoni, na sisi tunaouza, tunaokodisha malori na tunaobadilisha fedha tumo ndani yake, tupende tusipende.

Maneno mawili yanayochanganywa

Azimio namba 46/182 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la mwaka 1991, liliweka misingi mitatu ya misaada: ubinadamu, kutoegemea upande na kutobagua. Uhuru wa mashirika katika maamuzi yao ulitambuliwa baadaye, kama msingi wa nne.

Kutobagua kunahusu anayepokea. Mwenye njaa kubwa zaidi anapewa kwanza, bila kuulizwa kabila wala chama. Kutoegemea upande kunahusu vita vyenyewe. Anayeleta msaada hachangii nguvu za yeyote kati ya wanaopigana.

Kwenye karatasi misingi hii inakaa pamoja vizuri. Barabarani inagongana. Februari 2025, wakimbizi wa ndani waliokuwa katika kambi za pembezoni mwa Goma, ikiwamo Bulengo, walipewa na M23 saa 72 kuondoka na kurudi vijijini. Mamia ya maelfu ya watu walikuwa wakiishi katika makambi ya eneo hilo kabla ya mji kutwaliwa. Shirika likiwapelekea chakula na maturubai huko walikorudi, serikali ya Kinshasa inaweza kusema limewasaidia waasi kuonyesha kwamba amani imerejea. Likikataa, mama aliyekuta nyumba yake imechomwa analala njaa kwa sababu ya siasa asiyoihusu. Msingi wa kutobagua unasema nenda. Ule wa kutoegemea upande unasema angalia utakavyoonekana ukienda.

Mihuri miwili

Bunagana, mpakani na Uganda, ilianguka mikononi mwa M23 Juni 13, 2022. Kuanzia hapo, ushuru unaokusanywa upande wa Kongo wa mpaka huo hauingii hazina ya Kinshasa. Wasafirishaji wa mizigo kutoka Mombasa na Kampala wanalijua hilo vizuri.

Msaada wa kibinadamu kwa kawaida haulipishwi ushuru wa forodha. Lakini msamaha huo lazima mtu autie saini. Ukipeleka barua kwa mamlaka ya M23 kuomba lori lipite, umekubali kwamba wao ndio wenye mamlaka. Ukikataa kuipeleka, lori halipiti. Ukipita kwa barua hiyo, Kinshasa inaweza kukuuliza ni kwa nini unafanya kazi na kundi inaloliita la kigaidi.

Uwanja wa ndege wa Goma ni mfano ulio wazi. Ndege zilikoma kutua mji ulipotwaliwa. Oktoba 30, 2025, katika mkutano wa Paris, Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa alitangaza kwamba uwanja huo ungefunguliwa kwa ndege za misaada. M23, ambao ndio walioushikilia, hawakukubaliana na tangazo hilo. Kwao, uwanja uliofunguliwa kutoka Paris kwa makubaliano na Kinshasa ni ushindi wa Kinshasa. Kwa Kinshasa, uwanja uliofunguliwa kwa ruhusa ya M23 ni utambuzi wa waasi. Katikati yao kuna dawa zinazopaswa kuzunguka kwa barabara.

Hali hii si ya Kongo peke yake. Februari 2024, serikali ya Sudan ilizuia misaada kupitia Adré, mpaka wa Chad na Darfur, kwa hoja kwamba njia hiyo inapitisha silaha za RSF. Iliufungua tena Agosti mwaka huo, kwa miezi mitatu ya kwanza. Wakati wote huo wenye njaa walikuwa ng'ambo ya pili ya mpaka. Mpaka unapokuwa silaha, gunia la mtama nalo linahesabiwa kama risasi.

Tulikwisha kuyaona haya

Ukanda wetu una kumbukumbu ndefu. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulianzisha mpango mkubwa wa misaada kwa Sudan, uliokubaliwa na serikali ya Khartoum pamoja na waasi wa SPLM/A wa John Garang. Ndege ziliruka kutoka Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya. Mwanzoni mwa mwaka 2000 SPLM ikayataka mashirika yatie saini mkataba wake kama sharti la kuendelea kufanya kazi katika maeneo yake. Baadhi yalitia saini, yakisema wagonjwa hawawezi kusubiri. Mengine yalikataa na kuondoka, yakisema mkataba huo unawaweka chini ya jeshi. Hakuna aliyepata jibu safi. Waliobaki walilaumiwa, na walioondoka waliacha zahanati bila watu.

Goma yenyewe ina kidonda cha zamani zaidi. Julai 1994 mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka mpaka kwa siku chache, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Kipindupindu kiliua maelfu kwa maelfu. Miongoni mwa waliovuka walikuwamo viongozi, askari na wanamgambo walioendesha mauaji hayo, na wakashika uongozi wa makambi na ugawaji wa chakula. Magunia yaliyokusudiwa familia yakawa mtaji wa kujipanga upya kwa vita. Novemba 1994 tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) liliamua kuondoka. Lilisema haliwezi kuwalisha wauaji kwa jina la huruma.

Funzo la makambi yale ni kwamba kutouliza maswali si kutoegemea upande. Anayegawa mzigo bila kujua unaishia kwa nani amekwisha kuchagua upande. Amechagua wa yule mwenye nguvu zaidi kwenye foleni.

Anachokiona mwananchi

Mashirika hupenda kujieleza kwa barua na mikutano. Mwananchi anasoma vitu vingine. Anaangalia gari ni la nani, nani amekodishiwa nyumba, nani ameajiriwa, na ni askari gani wanaotangulia msafara.

Mlipuko wa ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, kati ya mwaka 2018 na 2020, ulionyesha hili kwa uchungu. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Katikati ya mlipuko, Desemba 2018, tume ya uchaguzi iliahirisha uchaguzi wa Beni na Butembo kwa sababu ya ugonjwa na usalama, huku sehemu kubwa ya nchi ikipiga kura. Maeneo hayo yalijulikana kwa upinzani. Watu wengi wakaona ebola imekuwa kisingizio cha kuwanyima kura, na kituo cha wagonjwa mjini Beni kikavamiwa. Februari 2019 vituo vya MSF vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Aprili mwaka huo daktari wa Shirika la Afya Duniani aliuawa Butembo.

Madaktari hawakuwa wameegemea upande wowote. Lakini walipita na ulinzi wa polisi na jeshi, katika eneo ambalo watu waliogopa sare hizo, na fedha nyingi zilionekana kuingia mifukoni mwa wachache wenye nyumba na magari ya kukodisha. Nia ilikuwa njema, lakini sokoni watu walisoma walichokiona.

Fedha nazo zina upande wake. Mwaka 2024 Marekani ilikuwa imegharamia takriban asilimia 70 ya misaada ya kibinadamu nchini Kongo, kabla ya makato ya mwaka 2025. Washington hiyo hiyo ndiyo iliyosimamia makubaliano ya Juni 27, 2025 kati ya Kongo na Rwanda, na haijificha kuhusu hamu yake ya madini ya Kongo. Shirika linalotegemea mfuko mmoja hujikuta likijibu maswali ya mwenye mfuko huo, hata pale ambapo halikutumwa naye.

Inapofanya kazi

Wapo wanaosema kutoegemea upande ni ndoto. Tukio la Aprili 30, 2025 linawajibu. Siku hiyo Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu (ICRC) ilianza kuwasindikiza kutoka Goma hadi Kinshasa mamia ya askari na polisi wa Kongo walionyang'anywa silaha, pamoja na familia zao. Walikuwa wamejihifadhi kwenye kambi za MONUSCO tangu mji ulipotwaliwa. Misafara hiyo ilivuka kutoka eneo la upande mmoja hadi la upande mwingine kwa makubaliano ya serikali, M23 na Umoja wa Mataifa.

Hakuna shirika linalopata ruhusa ya namna hiyo kwa hotuba. ICRC imeifanyia kazi miaka mingi, ikiwamo kwa kusaidia hospitali ya CBCA Ndosho ya Goma inayowapokea majeruhi wa pande zote. Kila upande una mtu wake aliyetibiwa pale, na kila upande unajua kwamba unaweza kuihitaji tena kesho.

Soko na ghala

Hapa ndipo jambo linapotufikia sisi. Februari 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilitangaza kwamba karibu tani 7,000 za chakula zimeporwa kwenye maghala yake ya Bukavu. Goma nako maghala ya misaada yalikuwa yameporwa wiki chache kabla. Mzigo mkubwa namna hiyo hauliwi na walioupora pekee. Sehemu yake huuzwa.

Anayenunua unga wenye nembo ya msaada kwa bei ya kutupa anaweza kujiambia kwamba amewahi tu. Ukweli ni kwamba ameyapa maghala bei, na ghala lenye bei litavunjwa tena. Mwenye lori anayechanganya mzigo wa msaada na shehena ya mwenye bunduki anaua karatasi za madereva wote watakaopita nyuma yake. Kizuizi kitakachofuata hakitaamini turubai la mtu yeyote. Uchunguzi wa shirika la utafiti la IPIS wa mwaka 2017 ulihesabu vizuizi 798 katika Kivu Kaskazini na Kusini. Njia ina macho mengi, na habari za lori moja husafiri haraka kuliko lori lenyewe.

Upande wa mashirika, wafanyabiashara wana haki ya kudai mambo matatu: zabuni za usafiri na chakula zitangazwe wazi na zisiishie kwa familia moja yenye jamaa jeshini, malipo yanayotozwa vizuizini yaorodheshwe na kusemwa hadharani, na mashirika yakubaliane msimamo mmoja, ili anayekataa kulipa asipitwe na anayelipa kimyakimya. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Msaada nao ni mali, na daftari lake linawahusu pia wenye njaa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022, imezungumza sana kuhusu majeshi na meza za mazungumzo. Haijaweka mezani hati moja ya mzigo wa msaada itakayoheshimiwa Bunagana, Rusizi na Gatumba, bila aliyeipokea kuhesabiwa kuwa ametambuliwa kisiasa. Forodha za nchi zetu zinajua kutengeneza hati za namna hiyo kwa saruji na mafuta. Kwa nini zishindwe kwa maziwa ya watoto na dripu?