NUSU SAA YA NANI?



Kutoka uwanja wa ndege wa Unguja mpaka uwanja wa ndege wa Pemba ni yapata kilomita 125. Ndege ndogo huivuka bahari ile kwa nusu saa hivi. Abiria hajamaliza gazeti lake, magurudumu yamekwisha gusa ardhi karibu na Chake Chake. Mwulize kama Pemba ni mbali, atakujibu, "Ni hapo tu."

Lakini sisi wafanyi kazi twauliza: nusu saa hiyo ni ya nani? Kuli, mchuuzi wa samaki na mama mwenye watoto wanne hawapimi safari kwa kilomita. Wao huipima kwa nauli. Asiyeweza nauli ya ndege hupanda meli, na kwake bahari ile ile ni saa nyingi, pengine usiku kucha.

Usiku wa tarehe 9 Septemba, 2011, meli iitwayo Spice Islander iling'oa nanga Unguja kwenda Pemba. Iliruhusiwa kuchukua abiria wapatao 600. Usiku huo huo ilizama, karibu na Nungwi. Waliookolewa peke yao walizidi 600. Waliozama kila mtu ajifanyie hesabu.

Wala tusiseme haya ni mambo ya jirani. Tarehe 29 Aprili, 1994, feri ilipinduka Mtongwe, hapa kwetu Mombasa, asubuhi watu wakienda kazini. Walikufa 272. Maji yale huvukwa kwa dakika chache tu. Basi si umbali uliowaua ndugu zetu. Chombo kilijazwa kupita kiasi.

Wako wasemao kwamba abiria hujitakia wenyewe, maana huona chombo kimejaa na bado hupanda. Sisi twakataa. Mtu ambaye lazima afike, na chombo ni kimoja, hana hiari.

Wengine husema kosa ni la nahodha. Nahodha anayo sehemu yake, hatumwondolei. Lakini mtazameni baharia aliyesimama ngazini. Yeye ndiye wa kwanza kuona meli ikididimia. Akisema, "Tumejaa," huambiwa wako wengi nje wanaoitaka kazi yake. Naye ana watoto, hunyamaza. Hapo ndipo chama kinapotakiwa, kabla ya nanga kung'olewa, si siku ya matanga.

Kwa hiyo twadai mambo matatu:

1. Abiria wahesabiwe gatini mmoja mmoja, na watoto wachanga pia, na hesabu iachwe nchi kavu.

2. Baharia akikataa kusafiri kwa sababu chombo kimejaa, asifukuzwe wala asikatwe mshahara.

3. Wakubwa watoao vibali vya vyombo hivi wawe wakivipanda mara kwa mara pamoja na wake zao na watoto wao.

Nanyi wanachama wa gatini na vyomboni, mwenzenu akisema "tumejaa," msimwache aseme peke yake. Mmoja hufukuzwa, wote hawafukuziki.

Hatuwaonei kijicho wenye ndege. Wao wafike kwa nusu saa, sisi tufike kesho asubuhi. Lakini sote tufike.

Umoja ni nguvu.