Msituuzie Jua Wakati wa Baridi

Kuna video moja ambayo imekuwa ikizunguka kwa sura tofauti tangu enzi za korona. Kijana mwenye aproni safi, balkoni pana inayopigwa na jua, nyanya nyekundu kwenye ndoo nyeupe, na sauti inayokuambia kwamba ukishindwa kujilimia mboga Nairobi basi shida yako ni uvivu. Naichukia hiyo video. Sichukii kulima. Mimi nalima, kwa magunia manne na mitungi ya lita 20 iliyokatwa juu, nyuma ya ploti huku Kinoo, pale ambapo majirani huanika nguo. Naichukia kwa sababu inadanganya mambo mawili: hali ya hewa ya huu mji, na mbegu.

Tuanze na hali ya hewa. Nairobi imekaa karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukitoka tao kuelekea magharibi unazidi kupanda: Kangemi, Uthiru, Kinoo, Kikuyu. Mtu wa Kikuyu akiteremka tao asubuhi ya Julai utamjua kwa jaketi. Kuanzia mwisho wa Mei hadi Agosti mawingu hukaa juu ya Kabete kama mgeni asiyejua kuaga. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 12 hivi, siku nyingine chini ya hapo, na mchana mzima unaweza kupita bila jua. Si theluji, lakini mmea haujali kama wewe unaita hiyo baridi au la.

Sasa ingia duka la agroveti tao mwezi wa Juni. Utauziwa mbegu ya nyanya. Utauziwa mbegu ya hoho. Utauziwa terere, kunde na mrenda, na ukiuliza kama ni msimu wake utaambiwa, "Hii inamea wakati wowote, boss." Haimei wakati wowote. Nyanya na hoho ni watoto wa joto. Ukizipanda Juni zitakaa tu zikikuangalia, na unyevu wa Julai utaleta ukungu unaochoma majani kama yamemwagiwa maji moto. Mbegu ya terere inataka udongo wenye joto ndio iamke. Kwenye udongo baridi uliolowa, mbegu nyingi huoza, na miche inayotoka inakatwa shingoni na kinyaushi kabla haijatimiza wiki mbili. Halafu msee aliyenunua anaambiwa hana mkono wa kulima.

Na wakati huohuo, kuna mboga ambazo huo msimu unaodharauliwa umetengenezewa. Dania ya Januari hukimbilia maua kabla hujaiweka kwa kachumbari. Dania ya Julai hutulia, ikatoa majani wiki baada ya wiki. Sukuma, spinachi, kabeji, minji, karoti, kitunguu cha majani na letusi zote hupenda ubaridi. Sukuma ya baridi hata tamu ni nyingine, kwa sababu mimea ya jamii hiyo hujaza sukari kwenye majani baridi ikiibana. Kanuni ni rahisi: weka mbegu Aprili au mapema Mei, mvua ndefu ikiwa bado inakusaidia kumwagilia, ili baridi ikute miche tayari ina mizizi. Ukianza Julai usikate tamaa, ila ujue kila kitu kitachukua muda mrefu kuliko pakiti inavyosema. Managu unaweza kuijaribu pia. Huvumilia ubaridi kuliko terere. Terere na kunde ziache hadi Septemba udongo upate moto tena.

Hakuna siri hapo. Shosho yeyote wa Gitaru atakuambia bure ukimsalimia vizuri. Sina digrii ya kilimo. Sina digrii ya chochote, niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa. Lakini angalia ramani. Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa yako Dagoretti Corner. Pale Kabete kuna maabara za utafiti wa kilimo za KALRO, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina kampasi nzima ya kilimo hapo Upper Kabete. Ukiendelea mbele kidogo hadi Muguga utakuta benki ya kitaifa ya mbegu, iliyoanzishwa 1988, yenye makumi ya maelfu ya sampuli za mimea ya nchi hii zilizohifadhiwa kwenye baridi. Wanaojua mvua, wanaojua udongo na wanaohifadhi mbegu wote wako kwenye ukanda mmoja wa magharibi wa huu mji. Na bado mtu wa Kawangware anayeishi katikati yao anategemea pakiti yenye picha ya nyanya na maneno "panda wakati wowote". Kwa nini?

Jibu moja ni biashara: anayeuza mbegu anauza mwaka mzima, na baridi haipangi foleni dukani. Jibu la pili ni sheria, na hapa ndipo naomba usiruke aya.

Mbegu iliyozoea baridi ya mahali fulani hupatikana kwa njia moja tu ya kizamani. Mtu anapanda, anaangalia ni mmea gani umestahimili, anauacha huo utoe mbegu, anapanda tena, anampa jirani. Miaka ikipita, mbegu inajua mahali pake. Mfano mzuri ni sukuma. Mmea wa sukuma hautoi maua hadi upitie kipindi cha baridi ya kutosha. Hapa Nairobi baridi yetu mara nyingi haitoshi, ndiyo maana watu wengi hukata machipukizi na kuyapanda upya badala ya kungoja mbegu. Lakini panda juu hadi Kinale, kule Lari kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, ambako baridi ni ya ukweli. Huko sukuma hutoa maua, na wakulima kwa miaka mingi wamechagua na kuvuna mbegu yao wenyewe, hadi watafiti wakaja kuichunguza kwa jina lake: sukuma ya Kinale. Mmea ulitoka ng'ambo, mbegu ikafanywa ya hapa na watu wa hapa bila kampuni yoyote.

Sasa, chini ya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, ya mwaka 1972 na kuongezewa makali 2012, mkulima wa aina hiyo akiuza au akibadilishana mbegu ambayo haijasajiliwa na kuthibitishwa, alikuwa anajiweka kwenye hatari ya faini ya hadi shilingi milioni 1, au kifungo cha hadi miaka 2, au vyote viwili. Kwa mbegu, manze. Na wakati huo tayari tulikuwa na Katiba ya 2010, ambayo Kifungu cha 11 kinaliagiza Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za kienyeji na matumizi yake na jamii za Kenya. Katiba ilisema linda, sheria ikasema funga.

Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walikwenda Mahakama Kuu kule Machakos kuipinga. Novemba 2025 mahakama ikakubaliana nao: vipengele vilivyomfanya mkulima mhalifu kwa kuhifadhi na kushiriki mbegu za kienyeji vinakiuka Katiba. Ilipaswa kuwa habari ya kusherehekewa kwenye kila ploti. Kwa wengi wetu ilipita kama matatu isiyosimama.

Najua utetezi wa upande wa pili, na si wa kijinga. Wanasema mbegu zisizothibitishwa ndizo zilizojaza soko feki: mahindi ya kula yaliyopakwa rangi yakauzwa kama mbegu, mkulima akapoteza msimu mzima. Ni kweli wizi huo upo, na kazi ya KEPHIS ya kukagua mbegu zinazouzwa madukani ni kazi ya maana. Mtu anayeweka uongo ndani ya pakiti na kuupiga chapa afungwe. Lakini mama anayempa jirani yake kiganja cha mbegu ya managu hajapiga chapa yoyote. Anajulikana anakoishi. Mbegu yake isipomea atasikia kesho yake asubuhi kwenye foleni ya maji. Sheria iliyowaweka hao wawili kwenye kapu moja haikuwa inamlinda mkulima. Ilikuwa inamlinda mwenye duka dhidi ya mama.

Na tusifanye mbegu chotara kuwa shetani. Kabeji ya F1 hutoa vichwa vinavyolingana, na nyingine hustahimili magonjwa. Tatizo ni kwamba ukihifadhi mbegu yake, watoto hawafanani na mzazi, kwa hivyo kila msimu lazima urudi dukani. Ukiijua hiyo bei na ukaikubali, sawa. Kinachoniudhi ni kijana kuuziwa utegemezi huo huku anaambiwa anajitegemea.

Serikali nayo iliingia kwenye huo wimbo. Mwaka 2020 Wizara ya Kilimo ilizindua mpango wa bustani za jikoni milioni moja. Wazo zuri kabisa. Ila bustani ya jikoni inahitaji pahali, na sisi tunakaa keja ambazo mwenye nyumba anahesabu gunia la udongo kama uharibifu wa mali. Baada ya machafuko ya 2008, watu wa Kibera walionyesha kwamba gunia moja lililotobolewa ubavuni linaweza kubeba miche mingi ya sukuma kwenye nafasi ya kigoda. Kaunti ya Nairobi yenyewe ina sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini tangu 2015. Muulize soja wa ploti yako kama ameisikia. Muulize kanju. Ploti yangu ya kwanza niliambiwa nichague kati ya magunia na deposit yangu.

Utaniambia magunia manne hayalishi familia. Kweli. Mimi bado hununua sukuma ya mbao kwa mama mboga, naye bado huamka usiku kwenda Marikiti au soko la Kangemi, na sina mpango wa kumwondoa kazini. Anayekuambia kwamba balkoni itamaliza njaa ya Nairobi anataka usahau bei ya kodi ya nyumba. Lakini angalia maisha yetu ya miaka ya ishirini hapa mjini: nyumba ya kukodi, intaneti ya kukodi, kazi za wiki mbili mbili, hata mtungi wa gesi unajazwa nusu. Mbegu ni moja ya vitu vichache ambavyo ukiwa navyo leo, mwakani unaweza kuwa navyo zaidi bila kumlipa mtu. Kichwa kimoja cha terere kina mbegu za kutosha ploti nzima. Ndiyo maana walihangaika kuitungia sheria.

Kwa hivyo nadai, na wewe udai nami. Kampuni za mbegu ziandike kwenye pakiti mwezi na mwinuko, kwa Kiswahili, badala ya "wakati wowote". Wanajua, wana wataalamu wa kutosha. Kaunti itoe sheria yake ya 2015 kabatini na iseme wazi kwamba gunia la mboga si kosa la mpangaji. Benki ya Muguga na wanasayansi wa Kabete wafungue mlango kwa watu wa mtaa na si kwa wakulima wa mashamba makubwa na watafiti tu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo cha JKUAT alitumia miongo kadhaa kuthibitisha thamani ya managu, saga na mrenda wakati wasomi wengi waliziona magugu. Leo managu inauzwa kwenye supamaketi za Westlands. Mbegu yake irudi kwa watu walioitunza.

Na sisi tusingoje. Kuhifadhi mbegu kunahitaji macho kuliko pesa. Dania ikianza kutoa maua, usichukue mbegu ya ile iliyowahi. Hiyo itakuzalia dania ya haraka ya kukimbia. Ngoja ile ya mwisho, iliyokaa na majani hadi wenzake wakaisha. Managu, chuma matunda yaliyoiva kabisa, yaponde, yaoshe hadi nyama itoke, anika mbegu kivulini juu ya gazeti. Weka kwenye bahasha ya karatasi, si ya plastiki, uandike jina, mwezi na mtaa. Mtaa usiusahau. Mbegu iliyopita Julai ya Uthiru ina habari ambayo pakiti kutoka ng'ambo haiwezi kuwa nayo.

Kisha mpe jirani wa mlango wa tatu, yule mnayesalimiana tu kwa kichwa. Sasa hivi mahakama iko upande wenu. Msipoitumia hiyo haki mkaizoea, mtu atarudi Bungeni kimyakimya kuiandika upya, na safari hii sitashangaa wakianza na wale ambao hawakuwa na mbegu hata moja ya kuonyesha.