Mwenye shughuli alipobwagwa kwenye shughuli yake

Wiki hii tunapanda ulingoni, lakini kabla kengele haijalia naomba tuumalize ule ubishi wa siku zote. Penye vijana watatu na televisheni moja, mieleka ikianza tu, lazima azuke mjuaji wa kuharibu raha: "Aah, hao wanaigiza bwana! Mshindi anajulikana tangu asubuhi."

Haya mjuaji, umeshinda. Ni kweli kwamba kwenye mieleka ya kulipwa mshindi hupangwa kabla. Sasa na wewe nijibu langu. Kama mshindi anapangwa, basi na wa kushindwa naye anapangwa, au siyo? Je, ni nani huyo anayekubali kubwagwa mbele ya ukumbi mzima, tena kwenye shughuli aliyoiandaa mwenyewe? Hapo ndipo utamu ulipo. Nifuate mpaka Japani.

Ilikuwa Jumamosi, Aprili 16, 1994, jijini Tokyo, kwenye ukumbi wa Ryogoku Kokugikan. Ukumbi huo ni nyumba ya sumo, ile mieleka ya mapande ya watu, jamaa mmoja kilo 150 na ushee. Lakini usiku ule mabonge walikaa pembeni. Ulingo ulikuwa wa uzito wa junia, yaani wanamieleka wa kilo zisizozidi 100 hivi. Hawa hawategemei ubonge. Wao ni kuruka, kupinduka hewani na mbio zinazokufanya usahau hata kupepesa jicho.

Mashindano yenyewe yaliitwa Super J-Cup. Watu 14, mtoano, usiku mmoja, mapambano 13. Ukibwagwa, beba begi lako. Anayetajwa kuwa mwenye wazo ni Jushin Liger wa kampuni ya New Japan, jamaa wa vazi jekundu na kinyago chenye pembe, jina na sura vikiwa vimetoka kwenye katuni ya Go Nagai.

Usimwone hivyo. Liger, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Keiichi Yamada, alikuwa na kama sentimita 170 tu. Alipotaka kujiunga na mieleka New Japan walimwona mfupi, hafai. Mwenzangu na mimi tungerudi nyumbani kulia. Yeye alifunga safari hadi Mexico, nchi ambayo mwanamieleka mfupi anaheshimika, akaanzia huko. Wakubwa wa New Japan walikuja kumkuta kulekule, ndipo wakamchukua. Kufikia mwaka 1994 alikuwa ndiye nyota wa uzito wake Japani nzima.

Sasa angalia alichofanya. Wakati ule kila kampuni ya mieleka Japani ilishika watu wake, kama timu za mpira zinavyowashika wachezaji. Wewe wa kwetu, yule wa kwao, basi. Liger akafungua mlango. Kutoka FMW akaja Hayabusa, kijana wa kuruka kama ndege. WAR ikamleta Gedo. Mexico ikamtoa Negro Casas. Eddie Guerrero, ambaye wengi mlikuja kumjua baadaye kwenye mieleka ya Kimarekani, alikuwemo ndani ya kinyago akiitwa Black Tiger. Na kutoka Michinoku Pro, kikampuni kichanga cha mikoa ya kaskazini mwa Japani, akashuka jamaa mwingine wa kinyago, The Great Sasuke.

Nusu fainali ikawa ni Liger na Sasuke. Mwenye nyumba na mgeni. Bosi na kijana wa shamba.

Liger alimpa kichapo haswa. Ilifika mahali Sasuke akajitutumua, akapanda juu ya kamba ili aruke, mguu ukateleza, akaporomoka kama gunia. Ukumbi ukaguna. Na Liger? Akasimama akampigia makofi! Makofi ya kejeli, yale ya "hongera kijana, umejitahidi." Kumbe mwenzake hajafa. Sasuke akainuka, akamrukia shingoni kwa miguu, akampindua, mabega ya bosi yakagusa chini. Mwamuzi akahesabu moja, mbili, tatu. Kwisha habari! Mwenye shughuli kabwagwa kwenye shughuli yake, na ukumbi ulivyolipuka, weee!

Sasa rudi kwa yule mjuaji wetu. Kama yote yalipangwa, basi Liger aliingia ulingoni akijua kwamba usiku wake mwenyewe hataumaliza. Alikubali kuonekana mwenye maringo, akubwagwe, ili kijana wa kampuni ndogo aondoke akiwa mkubwa. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Kwenye mieleka msemo huo ndio mkataba wenyewe wa kazi.

Na Sasuke hakuishia pale. Fainali alipigwa na Wild Pegasus, Mkanada Chris Benoit, aliyemng'oa kutoka juu ya kona na kumtupa chini. Kikombe akakikosa, lakini jina alishalipata. Mwaka 2003 wananchi wa mkoa wa Iwate walimchagua awe mjumbe wa bunge la mkoa wao, na akaingia kikaoni na kinyago chake usoni. Si mchezo!

Ila tusifichane, msomaji wangu. Mshindi anapangwa, lakini sakafu haipangwi. Ule mguu ulioteleza ulimpa Sasuke hadithi ya kusimulia maisha yote. Hayabusa, aliyebwagwa na Liger katika raundi ya kwanza usiku uleule, hakuwa na bahati hiyo. Oktoba 2001 alipanda kamba kwa mtindo aliokuwa ameurudia mara nyingi, mguu ukateleza, akatua kwa kichwa na pingili za shingo zikaumia. Akapooza. Alijikongoja miaka mingi akijifunza tena kusimama, akageukia uimbaji, na alifariki Machi 2016 akiwa na miaka 47.

Na Benoit, bingwa wa usiku ule? Mwaka 2007, nyumbani kwake Marekani, aliwaua mkewe na mtoto wao mdogo, kisha akajiua. Madaktari walioupima ubongo wake waliukuta umeharibika vibaya. Hilo haliwarudishi marehemu, wala halimsafishi aliyewaua. Lakini mtu akikwambia mieleka ni mchezo wa kuigiza, mwambie kichwa kinachopiga sakafu kila wiki hakijui kuigiza.

Ndiyo maana kubwagwa kwa hiari kuna uzito. Anayekubali kuanguka anauweka mwili wake mikononi mwa mwenzake, na mwenzake naye ana kazi ya kumshusha salama. Pale juu wanaonekana maadui, kumbe kila mmoja kaishika shingo ya mwenzake kama amana.

Liger aliendelea mpaka Januari 2020, akiwa na miaka 55. Pambano lake la mwisho lilikuwa ndani ya Tokyo Dome, mtu wawili kwa wawili. Ungetegemea mzee apewe ushindi wa kuagia, au siyo? Wapi! Aliyembwaga ni Hiromu Takahashi, kijana aliyekuwa ametoka tu kupona shingo iliyovunjika mwaka 2018. Kijana huyo akaja kuchukua mashindano ya Best of the Super Juniors miaka mitatu mfululizo, 2020, 2021 na 2022. Mzee aliondoka kwenye kazi kama alivyoifanya, kaacha mwingine amesimama.

Sasa wewe bosi wa ofisini unayeficha kazi za vijana wako, wewe nyota wa bendi usiyetaka mwimbaji mpya ashike kipaza sauti, na wewe kaka mkubwa unayetaka ushinde hata bao la draft la nyumbani, jiulize. Ukiandaa shughuli, wageni watoke wakiwa wakubwa, au wote watoke wakikusifu wewe?

Kengele imelia. Tukutane wiki ijayo, na ukimwona yule mjuaji, msalimie.